Stata Isiyoshika Katika Pikapu Kuukuu

Karafuu mbichi ikilazwa ndani ya gunia usiku kucha hupata moto, na asubuhi huanikwa ikiwa imekwisha kuharibika rangi. Basi mwanachama ambaye pikapu yake imekataa kuwaka shambani saa kumi na mbili jioni, na magunia yamo ndani, hana budi kujua upesi ugonjwa uko wapi. Wengi hukimbilia kununua stata nyingine. Aghalabu stata ile haikufa. Kilichoharibika ni kitu kidogo, na sauti ya gari imekwisha kukitaja.

Kwanza ifahamike kazi yake. Stata ni mota ya umeme, na mbele yake ina gia ndogo ambayo mafundi huiita bendeksi. Ukigeuza ufunguo, gia hiyo hutoka ikauma meno yaliyoizunguka flaiwili, yaani lile gurudumu zito la nyuma ya injini, ikaizungusha mpaka iwake, kisha ikarudi mahali pake. Namna ya kutoka si moja. Katika Land Rover za kale za petroli, kama Series II iliyoanza mwaka 1958, gia imekaa juu ya mhimili wenye hesi. Stata ikizunguka kwa ghafla, gia hukimbilia mbele kwa mzunguko huo. Katika Toyota Hilux na pikapu nyingi za baadaye, solenoidi, ambayo ni sumaku ya umeme iliyofungwa pamoja na stata, husukuma gia mbele kwanza, ndipo ikapitisha umeme mkubwa. Tofauti hii ishikwe, maana dawa ya moja siyo ya nyingine.

Sasa toa gia, vuta breki ya mkono, tia jiwe chini ya gurudumu, washa taa kubwa, na mtu mmoja azitazame wakati unapogeuza ufunguo.

Taa zikififia sana na ukasikia ta-ta-ta-ta, usiiguse stata. Betri imekwisha, au vichwa vyake vimeota ukungu mweupe, jambo la kawaida kwetu sisi tunaokaa na hewa ya chumvi. Visugue, uvikaze. Kisha ufuate waya wa hasi mpaka kwenye bodi, na kutoka bodi mpaka kwenye injini. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo lazima iwe na waya wake, na huu ndio unaosahauliwa kuliko zote. Baada ya kujaribu mara mbili tatu, gusa viungo kwa mkono: kilichopata moto ndicho kibovu.

Taa zikibaki kali na ukasikia “tak” moja tu, umeme mdogo umefika lakini mkubwa haupiti. Katika Hilux za dizeli mara nyingi ni vile vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi vilivyolika. Hubadilishwa vyenyewe, bila ya kununua stata. Huenda pia kaboni za stata zimekwisha. Igonge stata polepole kwa kipande cha mti huku mwenzio ameshika ufunguo. Ikizunguka, tazama kaboni. Usigonge kwa nyundo, kwani baadhi ya stata zina sumaku za kudumu ndani yake, nazo hupasuka. Kama hakuna sauti yo yote, tazama swichi ya ufunguo na waya mwembamba unaokwenda kwenye solenoidi.

Ikiwa stata yavuma kwa kasi na injini imetulia tuli, hapo ni bendeksi. Kwa Land Rover, kwa kawaida ni vumbi na mafuta ya zamani yaliyogandana juu ya hesi. Ifungue, ioshe kwa mafuta ya taa, iache ikauke. Usiipake grisi, grisi ndiyo inayokusanya vumbi. Kwa Hilux, shika bendeksi mkononi uizungushe: upande mmoja iende huru, upande wa pili ishike. Ikienda huru pande zote mbili, nunua bendeksi peke yake.

Mlio wa kusaga vyuma ni meno. Kwanza kaza boliti za stata. Kisha zima ufunguo, tia gia ya juu, sukuma gari kidogo, toa gia, jaribu tena. Injini ya silinda nne hupenda kusimama mahali pawili tu, na meno ya flaiwili hulika hapo. Kama sasa imeshika, duara la meno limelika. Kazi yake ni kubwa, lazima giaboksi ishushwe, lakini ukiliacha litakula na bendeksi mpya.

Bendeksi ya Land Rover pengine hung’ang’ania ndani ya meno. Ufunguo ukiwa umezimwa, tia gia ya juu, litikise gari mbele na nyuma mpaka iachie.

Kuna wenzetu wanaounganisha nguzo mbili za solenoidi kwa bisibisi. Gari ikiwa ndani ya gia huruka, na aliyesimama mbele hana pa kukimbilia. Na kabla ya kuifungua stata, ondoa waya wa hasi wa betri. Ule waya mnene una umeme saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni.

Vilima vya Pemba vimekuwa stata ya watu wengi. Kwa kuokoa karafuu ya siku moja, si vibaya. Lakini katika gari zenye breki zinazosaidiwa na injini, injini ikiwa imezima kanyagio huwa gumu, na mzigo wa magunia unateremka nawe. Teremsha magunia kwanza.

Uendapo dukani chukua bendeksi ya zamani mkononi, uhesabu meno. Yakizidi au kupungua hata moja, irudishe.