Presha Huanza Kuuma Ubongo Kabla ya Kiharusi

Lituhi, karibu na mahali Mto Ruhuhu unapoingia Ziwa Nyasa, kama kwingine nchini, wengi huitambua presha siku mtu anapopooza: mkono haunyanyuki, mdomo umepinda, maneno hayatoki. Lakini ubongo ule ulianza kuumia miaka mingi nyuma.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni. Kwa kuwa hauna akiba, mishipa yake lazima itanuke papo hapo sehemu fulani inapofanya kazi. Presha ikikaa juu muda mrefu, kuta za mishipa midogo hukakamaa na kunenepa, na njia ya damu hupungua. Hayo yanajulikana siku nyingi. Kilichoongezeka karibuni ni habari ya kinga ya mwili.

Kandokando ya mishipa hiyo zimetulia seli za kinga ziitwazo makrofaji, walinzi wanaomeza uchafu na vijidudu. Mwaka 2016 watafiti wa Weill Cornell, New York, chuo kinachoshirikiana na Bugando ya Mwanza, walionyesha jambo la kutisha kwa kutumia panya. Angiotensini, homoni inayopandisha presha, hupenya kwenye ukuta wa mishipa ya ubongo na kuzigusa seli hizo. Zikishaguswa, humwaga kemikali kali za oksijeni zinazouumiza mshipa uleule zinaoulinda. Mishipa ikashindwa kutanuka ipasavyo, na kumbukumbu za panya zikafifia. Makrofaji zilipoondolewa, hali ikawa nafuu.

Losartan, kidonge ambacho wagonjwa wengi wa presha wanakifahamu, huziba mlango ambao angiotensini huutumia kwenye seli. Hata hivyo, haijathibitika kwamba kwa binadamu dawa hiyo huzituliza makrofaji za ubongo. Kinachojulikana ni kwamba mwaka 2019 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kuwa kuishusha namba ya juu ya presha hadi chini ya 120, badala ya kuridhika na chini ya 140, kulipunguza hatari ya dalili za awali za kupoteza kumbukumbu kwa takriban asilimia 19.

Sasa linganisha na kwetu. Utafiti wa Ilala, Dar es Salaam, na Shari wilayani Hai, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba waliojua kuwa wana presha hawakufika hata mmoja kati ya kila watano walionayo. Waliokuwa wameidhibiti hawakutimia asilimia 1. Takwimu hizo zinaniumiza, kwa sababu kipimo chenyewe ni cha dakika chache, na kungoja kichwa kiume ni kungoja dalili ambayo kwa wengi haiji kabisa.

Chumvi nayo ina njia yake ya kuuumiza ubongo. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kilekile cha Weill Cornell waliwalisha panya chumvi nyingi mno. Kinga ikachemka kuanzia utumboni, na mishipa ya ubongo ikadhoofika hata bila presha kupanda. Waliporudishiwa chakula cha kawaida kwa wiki kadhaa, damu ilirudi kupita vizuri. Kwa hiyo, samaki wa ziwani akiwa amekaushwa kwa chumvi, mloweke, mwaga maji yale, ndipo umbandike jikoni.