Kukamua mafuta kwa maji badala ya kemikali: je, inawezekana?

Ukipita kwenye mashine ya kukamua alizeti au mbegu za pamba hapa Kanda ya Ziwa, shika mashudu mkononi. Utaona vidole vinang'aa. Hayo ni mafuta yaliyobaki. Mashine ya kubana huacha kama kilo 6 hadi 10 za mafuta katika kila kilo 100 za mashudu.

Viwanda vikubwa duniani huyafuata mafuta hayo kwa heksani, kimiminika kinachotokana na petroli. Heksani huyeyusha mafuta yaliyomo kwenye mbegu. Kisha hupashwa moto, hugeuka mvuke kwenye nyuzi joto 69 hivi, na hukusanywa itumike tena. Mashudu hubaki na mafuta chini ya kilo moja kwa kila kilo 100.

Lakini kuna hatari. Mvuke wa heksani ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na cheche moja inatosha kuulipua. Anayeuvuta kwa muda mrefu anaweza kudhurika mishipa ya fahamu, mikono na miguu ikafa ganzi.

Je, maji yanaweza kufanya kazi hiyo? Akina mama wa Kigoma huchemsha chikichi kwa maji, mawese yakaelea, wakayaengua. Ila mbegu ngumu haziachii mafuta kirahisi hivyo. Hapo ndipo inapoingia safaktanti.

Usiogope jina. Sabuni ya kufulia nayo ni safaktanti. Chembe yake ina pande mbili: mmoja hupenda maji, mwingine hushika mafuta. Ndiyo maana sufuria yenye mafuta haitakati kwa maji matupu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, Marekani, akiwemo David Sabatini, walijaribu njia hii kwa karanga na kanola, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Mbegu husagwa, huchanganywa na maji yenye safaktanti kidogo bila kuchemshwa, kisha mchanganyiko huzungushwa kwa kasi, kama mashine inayotenga krimu na maziwa. Walipata zaidi ya asilimia 90 ya mafuta.

Mbona basi haijatufikia? Kwanza, maji na mafuta vinaweza kushikana vikawa kama uji mweupe usiotengana. Pili, mashudu hutoka yamelowa. Yasipokaushwa haraka huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, hatari kwa ng'ombe na kwa mnywaji wa maziwa. Tatu, maji yaliyotumika yana mafuta na safaktanti. Yakimwagwa Ziwa Victoria bila kusafishwa, samaki ndio wa kwanza kuumia, na sisi tunafuata.

Kwa hiyo tahadhari: usijaribu kukamua mafuta ya kula kwa petroli wala kwa sabuni ya unga. Petroli inaua, na sabuni ya kufulia haikutengenezwa iliwe.

Unachoweza kufanya leo ni hiki: kausha mbegu vizuri, ondoa mchanga na takataka, na hakikisha mashine imefungwa sawasawa ili mashudu yasitoke na mafuta mengi. Ukitaka ushauri wa mashine, SIDO wapo Mwanza. Kuhusu ubora wa mafuta, waulize TBS.

Ukienda kukamua msimu huu, usiangalie dumu tu. Angalia na mashudu.