Bunduki mpya nyumbani: Maswali ya mzazi baada ya siku ya kwanza ya shabaha

SI ajabu siku hizi kupokea kwenye kundi la familia video ya shemeji au binamu aliyeko Marekani akijaribu bunduki aliyoinunua. Yuko kwenye uwanja wa shabaha, amevaa miwani na vifunika masikio, anafyatua mara tano, sita, kisha anageuka kwenye kamera anatabasamu.

Kwa mzazi wa huku kwetu, ambako raia hamiliki silaha bila kibali cha Serikali, video hiyo inashangaza. Lakini kama mwanao anakwenda kusoma huko na atafikia nyumbani kwa ndugu huyo, kuna mambo unayopaswa kuyajua.

Bunduki inayoonekana zaidi kwenye video hizo ni ya aina ya AR-15. Ni nusu otomatiki: ukivuta kifyatuo mara moja inatoka risasi moja, ganda linarushwa nje, na risasi nyingine inajipakia yenyewe. Ikiwa tupu huwa na uzito wa kilo tatu hivi, na magazini yake ya kawaida hubeba risasi 30.

Kuipata si kazi kubwa katika majimbo mengi. Sheria ya nchi inamruhusu mtu wa miaka 18 kununua bunduki ndefu kwa muuzaji mwenye leseni. Anajaza fomu namba 4473, taarifa zake zinakaguliwa kwenye mfumo wa FBI ulioanza mwaka 1998, na mara nyingi jibu huja ndani ya dakika chache. Baadhi ya majimbo, kama California, New York na Illinois, yamepiga marufuku uuzaji wa bunduki nyingi za aina hii.

Teke dogo, kelele kubwa

Anayeifyatua kwa mara ya kwanza hutarajia kusukumwa bega kwa nguvu. Kinachomshangaza ni kwamba teke lake ni dogo. Risasi yake ni nyembamba, na sehemu ya nguvu inayorudi nyuma humezwa na springi na mitambo ya ndani. Risasi inatoka kwa kasi ya takriban mita 900 kwa sekunde, lakini bega halisikii uzito huo.

Hapo ndipo mzazi anapaswa kuwa makini. Silaha isiyomwumiza mtu mzima haitamwogopesha kijana wa miaka 13.

Kinachoumiza ni kelele. Wataalamu wa usikivu wanasema mlio wa ghafla unaozidi desibeli 140 unaweza kudhuru sikio papo hapo. Bunduki hii hupita 150. Vinyweleo vidogo vya sikio la ndani vikifa haviOti tena, na mtu anaweza kubaki na mlio wa kengele masikioni maisha yake yote. Ndiyo maana inashauriwa kuvaa kinga mbili kwa pamoja: vizibo ndani ya sikio na vifunika masikio juu yake.

Risasi mbili kwa jina moja

Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa kinachotoka kwenye mtutu na kwa madini yanayotumika kukitengeneza. Hatari ya pili inatokana na hayo madini.

Kila mlipuko unatoa moshi na vumbi lenye madini ya risasi. Vumbi hilo hukaa mikononi, kwenye nywele, nguo na viatu. Baba akirudi nyumbani na kumbeba mtoto anayetambaa, anampa vumbi hilo bila kujua. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinasema hakuna kiwango cha madini hayo kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama, kwa kuwa huathiri ubongo, uwezo wa kujifunza na umakini.

Kinga yake ni nyepesi. Nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula au kunywa chochote, vua viatu nje ya mlango, badili nguo na uzifue peke yake, kisha oga ndipo umshike mtoto.

Uwanjani kuna msimamizi

Kwenye uwanja wa shabaha kuna kanuni na mtu wa kuzisimamia. Kila bunduki inahesabiwa kuwa ina risasi. Mtutu haumwelekei mtu. Kidole hakigusi kifyatuo mpaka wakati wa kufyatua. Msimamizi akiamuru kusimama, wote wanasimama.

Nyumbani hakuna msimamizi, na makosa hutokea hata kwa anayedhani yuko makini. Kosa kubwa ni kuchomoa magazini na kuamini kwamba bunduki ni tupu. Kwa kuwa inajipakia yenyewe, risasi moja inaweza kuwa imebaki ndani ya chemba, tayari kutoka. Magazini ichomolewe kwanza, kisha chemba ifunguliwe, ikaguliwe kwa macho na kwa kidole.

Tangu mwaka 2020, bunduki ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana nchini Marekani, mbele ya ajali za magari. Vifo hivyo ni pamoja na mauaji, ajali na kujiua. Kwa kijana aliyekata tamaa, dakika chache za kutafuta ufunguo asioupata zinaweza kuokoa maisha yake.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinasema nyumba iliyo salama zaidi ni isiyo na bunduki. Kama ipo, ikae bila risasi, imefungwa kwa kufuli, na risasi zifungiwe mahali pengine. Kuiweka juu ya kabati au chini ya godoro si kuifunga. Watoto hujua mahali wazazi wanapoficha vitu.

Mahakama nazo zimeanza kuwabana wazazi. Novemba 2021, kijana wa miaka 15 aliwaua wanafunzi wenzake wanne katika shule ya Oxford, jimboni Michigan, kwa bastola aliyonunuliwa na baba yake. Mwaka 2024 baba na mama, kila mmoja kwa kesi yake, walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia na kuhukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15.

Uliza kabla ya tiketi

Wazazi wengi huona haya kumuuliza ndugu mambo ya nyumbani kwake, hasa anapojitolea kumlea mtoto wao. Lakini tunauliza kama mtoto atapata chumba na nani atampeleka shule. Hili nalo liulizwe, kwa heshima na bila kulaumu: “Shemeji, tunashukuru sana kwa kumpokea kijana. Bunduki yenu inakaa wapi, na ufunguo anao nani?”

Mwenyeji makini hatakasirika. Akijibu kwamba iko mahali tu, watoto hawaijui, mwombe anunue kufuli au kabati la chuma kabla ya mgeni kufika. Na mwanao mwambie mapema: akiiona bunduki asiiguse, aondoke chumbani, amwite mtu mzima.