Nyumba Iendayo Majini

Twawaletea habari za watu wa Uingereza wakaao ndani ya mashua mwaka mzima, wakipika na kulea watoto humo. Wenye nyumba na waalimu wataona ndani yake neno la kuwafaa.

Mashua hizi haziendi baharini. Hupita katika mifereji iliyochimbwa na watu tangu karne ya 18, siku za fundi James Brindley, ili kuchukua makaa ya mawe na bidhaa. Penye kilima hujengwa chumba cha maji chenye malango mbele na nyuma. Mashua huingia, malango hufungwa, maji huongezwa au kupunguzwa, nayo hupanda au kushuka pole pole. Katika mifereji mingi chumba hicho kina upana wa futi 7 tu. Basi mashua haina budi kuwa ya futi 6 na inchi 10, ijapokuwa urefu wake waweza kufika futi 70.

Zamani zilivutwa na farasi. Reli ilipokuja, ujira wa kuchukua mizigo ulishuka, na manahodha wengi hawakuweza tena kulipia nyumba ya nchi kavu. Wakawahamishia wake zao na watoto katika chumba cha tezi, chenye urefu wa futi 10 hivi. Mahali pengine pote palikuwa pa shehena. Kwa kuwa mashua haikutulia mahali pamoja, watoto hawakupata shule, wakakua pasipo kujua kusoma. George Smith wa Coalville aliyatangaza mambo hayo wazi, hata mwaka 1877 Bunge likatoa sheria kwamba kila mashua ikaliwayo iandikishwe, idadi ya wakaao humo iwekewe mpaka, na watoto wafundishwe. Sheria hiyo ikatiwa nguvu mwaka 1884. Baridi kali ya 1962 na 1963 iligandisha mifereji, na biashara ya mizigo ikadhoofika mno.

Siku hizi wako wakaao humo kwa kupenda, na wengine kwa sababu nyumba za nchi kavu ni ghali. Atakaye mashua huagiza mwili wake kwa mafundi wa chuma. Mara nyingi bamba la chini huwa na unene wa milimita 10, mbavu 6, na paa 4. Kisha hutiwa farumi chini ya sakafu, ili chombo kitulie. Kuta hupakwa kitu cha kuzuia baridi kabla ya kupigiliwa mbao, maana chuma kitupu hutoa jasho, na jasho huozesha. Ndipo huwekwa tangi la maji, vitanda, choo, na jiko la chuma la kuni au makaa. Kila kizito cha upande mmoja hutafutiwa mwenzake upande wa pili, chombo kisilale. Chini, panapoguswa na maji, hupakwa lami kila baada ya miaka miwili au mitatu, nasi twakumbuka safina ya Nuhu.

Tena liko jambo la hatari. Jiko lisilotunzwa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo imeua watu usingizini. Kwa hiyo matundu ya hewa hayazibwi hata wakati wa baridi kali, na kengele ya kuonya hutundikwa. Wenye jiko la makaa nyumbani na walishike neno hili: msilale nalo chumbani mkiwa mmefunga madirisha.

Bwana wetu alifundisha kwamba ajengaye mnara na akae kwanza ahesabu gharama. Mwenye mashua huhesabu inchi kwa inchi, kwa kuwa kipimo chake kimewekwa na malango, wala si na tamaa yake. Mapato yetu nayo yana malango yake. Manahodha wa zamani walipobanwa, walioumia kwanza ni watoto. Sisi tukibanwa, tuulizane mapema, baba na mama pamoja: mtoto atasomea wapi, na kwa taa gani? Ninyi waalimu, mtoto wa wazazi wahamao-hamao akija kwenu kwa siku kumi tu, mfundisheni siku zile kumi kwa moyo wote.