Namba Tasa yenye Tarakimu 39 na Maana ya Jina Lake

Katika Kiswahili, namba kubwa kuliko moja isiyogawanyika sawasawa ila kwa moja na kwa nafsi yake huitwa namba tasa. Jina hili limetokana na lugha ya uzazi, kwani tasa ni mwanamke au mnyama asiyezaa. Yafaa lipimwe kwa namba moja mashuhuri.

Namba yenyewe ni 170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727. Maneno ya elfu na milioni hayatoshi kuitamka, lakini maelezo yake ni mafupi: mbili 127 zizidishwe pamoja, kisha iondolewe moja. Mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliitia mwaka 1644 katika orodha ya namba za namna hiyo alizozidhani kuwa tasa. Orodha ile ilikuwa na makosa, basi haikuwa ushahidi. Aliyethibitisha ni Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, mwaka 1876; na mpaka mwaka 1951 haikujulikana namba tasa iliyoizidi.

Ajabu ya uthibitisho huo ni kwamba hautafuti vigawo. Njia ya Lucas, iliyonyooshwa na Mmarekani D. H. Lehmer mwaka 1930, huanza na 4. Hiyo huzidishwa kwa nafsi yake, huondolewa 2, kisha hugawanywa kwa namba inayopimwa, na baki ndilo linaloendelea. Mfano ni 31, yaani mbili tano zilizozidishwa pamoja, kasoro moja. Kutoka 4 hupatikana 14; kutoka 14 hupatikana 194, ambayo ikigawanywa kwa 31 huacha baki 8; kutoka 8 hupatikana 62, ambayo haiachi baki. Kazi imefanywa mara tatu, pungufu ya tano kwa mbili. Na kwa kuwa mwisho wake ni sifuri, 31 ni tasa. Kwa namba yenye tarakimu 39, kazi hufanywa mara 125.

Sasa, je, jina lafaa? Kwa upande wa kugawanya, lafaa kabisa. Kwa upande wa kuzidisha, mambo hugeuka. Kila namba kubwa kuliko moja, ikiwa si tasa yenyewe, ni zao la namba tasa. 28 ni 2 mara 2 mara 7. Hata 31 ikizidishwa kwa 16 huzaa 496, ambayo ni sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe. Namba ya Lucas nayo, ikizidishwa kwa mbili 126, huzaa namba yenye sifa iyo hiyo. Kumbe tasa huyu hakuzaliwa na wengine, bali ndiye mzazi wao. Upande huo ndio uliotazamwa na Kilatini na Kiarabu, ambamo jina lake lina maana ya kuwa ya kwanza. Na asili hiyo ya Kiarabu imo katika Kiswahili kwa neno awali.

Hakuna haja ya kulitupa jina lililokwisha kuenea mashuleni. Lakini kamusi isemayo tu kwamba namba hii “haizai” itampotosha mwanafunzi. Na ieleze kwamba utasa wake ni wa kugawanyika, si wa kuzidisha.