Makumbusho Yafungwapo: Funzo la Janga la Korona kutoka Kaya za Kwale

Utangulizi

Neno makumbusho limetokana na kitenzi kumbusha, ambacho ni kauli ya kusababisha ya kitenzi kumbuka. Limeundwa kwa njia ile ile iliyotupa mafundisho kutokana na fundisha, na matangazo kutokana na tangaza. Kwa hivyo, kabla ya kuwa jengo lenye kabati za vioo na mlinzi mlangoni, makumbusho ni tendo. Yupo anayekumbusha, yupo anayekumbushwa, na lipo jambo linalokumbushwa. Makala haya yanachunguza yaliyolipata tendo hilo wakati wa janga la Korona, hususan katika Kaunti ya Kwale. Hoja yetu ni kwamba kufungwa kwa mlango si msiba mkubwa; msiba ni kukatika kwa uhusiano baina ya anayekumbusha na anayekumbushwa.

Milango ilivyofungwa

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa Korona mnamo Machi 13, 2020. Katika muda wa wiki chache shule zilifungwa, mikusanyiko ikapigwa marufuku na kafyu ikaanza Machi 27. Kuanzia Aprili 8, kuingia na kutoka katika kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale kukazuiwa; zuio hilo liliondolewa Kwale na Kilifi mapema mwezi wa Juni.

Hali haikuwa tofauti kwingineko. Kwa mujibu wa ripoti ya UNESCO ya Mei 2020, takriban asilimia 90 ya makumbusho ulimwenguni, yaani zaidi ya 85,000, yalikuwa yamefunga milango. Mengi yalikimbilia mtandao: picha za vifaa vya kale, ziara za video, mihadhara kupitia simu na kompyuta. Hata hivyo, ripoti hiyo hiyo ilibainisha kwamba barani Afrika na katika mataifa madogo ya visiwa ni asilimia 5 tu ya makumbusho yaliyoweza kuwapa watu wao chochote mtandaoni. Swali linalozuka ni hili: je, jamii zilizobaki hazikukumbushwa lolote?

Makumbusho yasiyo na kuta

Tuchukue mfano wa mkazi wa Bongwe, katika eneobunge la Msambweni. Akitaka kuiona Fort Jesus, hana budi kusafiri hadi Mombasa. Lakini historia ya Wadigo haimngojei huko. Kuelekea pwani, upande wa Diani, ipo Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wenye ukubwa wa takriban hekta 30. Msitu huo ni miongoni mwa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mwaka uliofuata, mila zinazoambatana na kaya hizo ziliingizwa katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa dharura. Ikumbukwe kwamba dharura hiyo ilitambuliwa miaka kumi na zaidi kabla ya Korona.

Kinondo hakuna kabati za vioo. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, huelezwa miiko, na hatoki na jani wala ukuni. Anayemwongoza ni mwenyeji, na maelezo yake ndiyo maonyesho yenyewe. Vivyo hivyo, mapango ya Shimoni, ambayo yanahusishwa na historia ya biashara ya watumwa, husimamiwa na jamii, na ada ya wageni husaidia mahitaji ya wanakijiji.

Safari za ndege za kimataifa zilipositishwa kuanzia Machi 25 hadi Agosti 1, 2020, wageni wa Diani walikosekana na ada zao zikakosekana pia. Hiyo ni hasara ya kwanza. Hasara ya pili ni nzito zaidi. Wazee, ambao ndio hifadhi ya simulizi, nasaba na miiko, ndio waliokuwa katika hatari kubwa ya kuuawa na ugonjwa huu. Ili kuwalinda, ilibidi vijana wawaepuke. Kwa maneno mengine, kinga ya mwili wa mzee iligeuka kuwa kizuizi cha maarifa yake.

Njia za kukumbushana

Aidha, janga lilituonyesha kwamba njia haikuwa mtandao peke yake. Shule zilipofungwa, masomo yaliyotayarishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya yalirushwa redioni. Redio hufika mahali ambapo intaneti ni ghali, na husikika hata na asiyejua kusoma. Iwapo hesabu na sayansi ziliweza kupita humo, ngano na historia za vijiji zingeshindwaje? Simu ya mkononi nayo ina kinasa sauti. Mjukuu anaweza kumrekodi babu yake kwa Chidigo, kisha mwanafunzi wa Kiswahili akafasiri na kufafanua.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Makumbusho ya kawaida husifiwa kwa kuonyesha mengi. Kaya huheshimiwa kwa kujua kisichoonyeshwa. Yapo maarifa ambayo si ya kila sikio. Kwa hivyo, idhini ya wazee lazima itangulie kinasa sauti, na jamii ndiyo iamue kipi kitangazwe, kipi kihifadhiwe na kipi kibaki moyoni. Aidha, nakala ya kila kilichorekodiwa irudi kijijini, isiishie katika rafu za chuo.

Hitimisho

Wahenga walisema akiba haiozi. Methali hii ni kweli kwa nafaka iliyohifadhiwa vyema. Akiba ya kumbukumbu huoza siku mwenyewe anapozikwa kabla ya kuirithisha. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 5, 2023 kwamba Korona si dharura ya kimataifa tena, na milango imefunguliwa. Huu basi ndio wakati wa kazi, maana wakati wa kafyu tulikuwa tumechelewa. Kila mwanafunzi wa fasihi simulizi ana kijiji, na kila kijiji kina wazee. Tukiwatembelea wangali hai, hata milango ikifungwa tena, kukumbushana kutaendelea.