Kilichokuwa ndani ya sanduku la mama

Nina Collins alikuwa na umri wa miaka 19 mama yake alipofariki dunia mwaka 1988. Kazi ya kukusanya vitu vya marehemu ikamwangukia yeye. Hadithi fupi, tamthiliya, skripti za filamu, shajara, barua: vyote alivitia ndani ya sanduku kubwa la safari, akafunga. Sanduku likakaa hivyo kwa takriban miaka 20.

Mama huyo aliitwa Kathleen Collins. Leo anatajwa miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza Marekani kuongoza filamu ndefu ya kuigiza. Alipofariki, alikuwa mwalimu wa chuo mwenye watoto wawili, aliyekuwa pia akiandika.

Alizaliwa mwaka 1942 Jersey City, ng’ambo ya mto kutoka New York. Alisomea falsafa na dini katika Chuo cha Skidmore. Akiwa bado mwanafunzi, mwaka 1962, alikwenda Albany katika jimbo la Georgia kuwasaidia Wamarekani weusi kujiandikisha kupiga kura, na huko akatiwa mbaroni. Baadaye akapata nafasi ya kusoma Ufaransa. Alikwenda kwa ajili ya fasihi, akarudi amenogewa na sinema.

Aliporejea New York alijifunza kuhariri filamu na akawa anaishi kwa kazi hiyo. Mwaka 1971 akawa na skripti yake mwenyewe. Alizunguka nayo mwaka mzima akitafuta mtu wa kuweka fedha. Hakupata hata mmoja. Mwanamke, tena mweusi, kusimamia kamera? Milango haikufunguka, naye akaiweka skripti kando.

Ndoa yake na baba wa watoto ilivunjika, akabaki na Nina na mdogo wake, Emilio. Tangu 1974 mkate wa nyumba hiyo ulitokana na ualimu: alifundisha historia ya filamu na uandishi wa skripti katika Chuo cha City, New York. Mzazi yeyote anayelea peke yake anaweza kuikisia ratiba ya siku zake bila kusimuliwa.

Mwanafunzi aliyemsukuma mwalimu

Hapa ndipo ninapompenda zaidi mwalimu huyu. Aliyemrudisha kwenye ndoto yake hakuwa bosi wala tajiri wa Hollywood. Alikuwa mwanafunzi wake, Ronald Gray, aliyemwambia kwamba filamu lazima aitengeneze, na kwamba yeye atashika kamera. Sijui ni walimu wangapi wangekubali kusukumwa na mwanafunzi. Collins alikubali.

Walianza wakiwa na Dola 5,000 tu. Filamu hiyo ya kwanza, The Cruz Brothers and Miss Malloy, ilitoka mwaka 1980. Ina dakika 50 hivi, na inasimulia juu ya vijana watatu ndugu, wenye asili ya Puerto Rico, wanaoishi wakifuatwa na mzimu wa baba yao, na bibi kizee wa Kizungu anayewapa kazi ya kutengeneza nyumba yake.

Ya pili, Losing Ground, ya mwaka 1982, ndiyo iliyobeba jina lake. Sara ni mhadhiri wa falsafa, mwanamke wa vitabu na maktaba. Mumewe Victor ni mchoraji. Akiuza picha yake, anaamua wakodi nyumba nje ya jiji kwa majira ya joto, bila kujali kwamba mkewe anahitaji maktaba kwa utafiti wake. Huko Victor anavutiwa na mwanamke mwingine. Sara naye anakubali ombi la mwanafunzi wake: aigize katika filamu. Ndiyo, mwanafunzi tena.

Hakuna bunduki za majambazi wala mtaa wa dawa za kulevya. Ni mke na mume weusi, wasomi, wanaogombana kama wanavyogombana watu wote: nani kazi yake ni kazi, na nani kazi yake inaweza kusubiri. Kwa wakati ule, wasambazaji hawakujua waiweke wapi filamu ya namna hiyo. Ilioneshwa hapa na pale, lakini haikufika kwenye majumba ya sinema kwa mauzo ya kawaida wakati wote wa uhai wake.

Siri ya nyumbani

Kuna jambo jingine lililokuwa likiendelea. Collins alikuwa na saratani ya matiti, na kwa miaka aliwaficha watoto wake. Aliendelea kufundisha na kuandika. Nina na Emilio walikuja kuelezwa mwisho ukiwa umekaribia. Alikuwa na umri wa miaka 46.

Nyumba nyingi zetu zinaijua tabia hii: watoto wasiambiwe, watasumbuka. Huenda alitaka wabaki watoto kwa muda kidogo zaidi. Sitamhukumu. Ila binti aliyebaki na sanduku alibaki pia na maswali, na wa kumuuliza hakuwepo tena.

Majibu mengine yalikuwa kwenye karatasi. Nina, aliyekuja kuwa wakala wa waandishi wa vitabu, hatimaye alilifungua sanduku na kuanza kusoma. Kwenye shajara na hadithi alimkuta mwanamke ambaye kama mtoto hakumwona vizuri: mwenye mapenzi, hasira, vichekesho na upweke. Filamu nazo alizifuatilia kwenye maabara ya New York zilikohifadhiwa, zikasafishwa upya.

Februari 2015, Losing Ground ilianza kuoneshwa katika kituo cha Lincoln, New York, miaka 33 baada ya kutengenezwa. Watu walijaa. Mwaka 2020 iliingizwa kwenye orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Mwaka 2016 kilitoka kitabu cha hadithi fupi, Whatever Happened to Interracial Love?, nyingi zikiwa hazijawahi kuchapishwa. Siku kinaingia madukani, Nina alikuwa tayari mkubwa kwa umri kuliko mama aliyeziandika.